Selestini Mayige Aliyekataa Hukumu ya Pili

Simu ilipolia, Felisita alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akipima pindo la joho la mama mmoja wa kwaya. Pale Maswa mjini Felisita alijulikana kwa mambo mawili: mshono ulionyooka na ulimi usiorembesha mambo. Alitupa jicho kwenye simu akaona jina la wifi yake, Georgina, na simu ikaendelea kuita. Georgina alikuwa mtu wa kubipu. Tangu aolewe na kaka yake, hakuwahi kupiga simu akaiacha iite.

"Wifi," Georgina alisema, "kaka yako ametutoka."

Felisita alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine.

"Selestini?"

"Kwani unaye kaka mwingine? Ameondoka alfajiri kwenda kulima. Nimempelekea uji nikamkuta amekaa kwenye tuta, kichwa kimeegemea mshikio wa plau. Ng'ombe wamesimama tu, wanamngoja awaambie twende." Georgina akavuta pumzi. "Nimepiga yowe, wifi. Nimepiga yowe mpaka koo limekauka. Amekuja katekista peke yake. Filimbi haijapulizwa mpaka sasa. Nani atamchimbia kaburi?"

Mtu wa kwingine angeshangaa mjane kuuliza habari za kaburi hata kabla machozi hayajakauka. Felisita hakushangaa. Kijijini kwao, nje kidogo ya barabara itokayo Bariadi kuja Maswa, mtu akifa, sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, hupuliza filimbi, na filimbi ikilia hata aliye katikati ya palizi huacha jembe lake hapo hapo. Vijana huchimba, wanawake huteka maji na kusaga, wazee hukaa na wafiwa. Hakuna anayeombwa. Lakini kaya ya Selestini Mayige ilikuwa imetengwa, na kwa kaya iliyotengwa filimbi hailii.

"Nakuja," Felisita alisema. "Usimwahidi mtu kitu chochote mpaka nifike. Umenisikia, Georgina? Kitu chochote."

Akaweka simu chini. Ndipo alipolia, akiwa bado ameshika pindo la joho, na yule mama wa kwaya, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa huruma, akashuka kwenye kigoda akakaa naye sakafuni, pini zote zikiwa bado kwenye nguo.

Selestini alikuwa wa kwanza kuzaliwa kwa Mzee Mayige, na Felisita wa mwisho. Waliokuwa kati yao Mungu aliwachukua wakiwa wachanga. Alichunga ng'ombe wa baba yake, akamaliza darasa la saba, kisha siku moja akadandia lori la pamba lililokuwa limekwama kwenye tope, akasaidia kulisukuma, likatoka, naye akatoka nalo. Akawa utingo. Walikuwa wakipakia marobota kiwandani na kuyapeleka stesheni ya Malampaka, na katika safari hizo alijifunza udereva kwa kuangalia miguu ya dereva wake. Alipopata leseni aliileta nyumbani akamvalisha mama yake shingoni kwa kamba, kama medali ya Bikira Maria, mama akazunguka nayo kijiji kizima.

Felisita alipochaguliwa kwenda sekondari, baba yao alisita. Selestini akasema, "Wewe soma kwa niaba yetu sote wawili. Mimi nitaendesha kwa niaba yetu sote wawili." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila alipopita karibu na shule alipiga honi, na wasichana wote wa bweni walijua kwamba huyo ni kaka yake Felisita. Kanisani aliimba besi. Alikuwa na kicheko kinachoanzia tumboni, na watoto walimfuata ili tu acheke.

Pombe alikunywa. Hakuwa mlevi wa kuanguka njiani, lakini alikunywa, na Felisita hakuwahi kulificha hilo hata kwa waliomsifu sana. Msimu mmoja wa pamba, jioni ya mzigo wa mwisho, madereva na wapakiaji walikaa nje ya kiwanda wakasherehekea. Selestini alisherehekea kuliko wote. Kisha akaingia kwenye lori, akaamua kupita nyumbani kabla ya kulirudisha kwa tajiri wake. Kwenye njia ya kuingilia kijijini, jua likiwa limezama, alimkuta Nyanda, mkulima wa palepale kijijini, na mkokoteni wake wa ng'ombe, anatoka kuchota maji. Hakumwona. Ng'ombe wawili walikufa palepale, na mguu wa Nyanda ukavunjika chini ya goti.

Hakukimbia. Madereva wengi hukimbia, wengine kwa woga wa kupigwa, wengine kwa woga wa kuonekana. Selestini alivua shati akaufunga ule mguu, akamweka Nyanda kichwa mapajani mwake, akakaa barabarani akimwomba Mungu kwa sauti ya kilevi mpaka watu walipofika. Trafiki alipomletea kipima ulevi apulize, alisema, "Hata bila kupuliza, afande, andika tu nimelewa."

"Puliza. Sheria inataka upulize."

Akapuliza. Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakuonja pombe tena, wala togwa iliyokaa siku mbili.

Mahakamani Bariadi alikiri kosa kabla karani hajamaliza kulisoma. Hakimu akatoa adhabu: alipe faini, au akishindwa aende jela miezi sita; na leseni yake ifungiwe kwa miaka mitatu. Selestini akalipa. Tajiri wake akamfuta kazi wiki hiyohiyo, naye hakulalamika. Kwa padri alikwenda kuungama akapewa kitubio, akakitimiza. Ng'ombe wake wawili wa kulimia aliwaswaga mwenyewe mpaka kwa Nyanda, akawafunga kwenye zizi la Nyanda, akarudi amebeba kamba tupu.

Hapo ndipo mambo yangeisha, kama si Mzee Mboje.

Mzee Mboje, kiongozi wa sungusungu, ndiye aliyetumwa na kijiji kwenda kusikiliza kesi. Siku ile mahakama ilijaa, akasimama nje dirishani, nyuma ya wanawake waliokuwa wakimbembeleza kwa zamu mtoto anayelia. Kiswahili cha hakimu kilikuwa cha haraka na cha mbali. Mboje alisikia "jela miezi sita." Kisha akasikia neno la leseni: "imefungiwa." Yeye akasikia "amefungwa." Kwake ilitosha. Alipanda baiskeli akawahi kijijini kupeleka habari: Selestini amefungwa, miezi sita. Wengine walisema ni haki. Wengine wakamhurumia Georgina, wakampelekea viazi na maneno ya kumtia moyo.

Jioni ile basi likasimama njia panda, akashuka Selestini kwa miguu yake mwenyewe.

Wazee walimkuta kwake kabla hajavua viatu. Felisita alikuwepo, alikuja kumsaidia Georgina, na maneno yale aliyakumbuka yote.

"We Selestini," Mboje alisema, "si umefungwa?"

"Nimefungiwa, mzee."

"Umefungwa, na uko hapa?"

"Leseni ndiyo iliyofungiwa. Mimi sijafungwa."

"Kwa hiyo wamekifunga kitabu, mtu wakamwacha." Watu wakacheka. "Sema ukweli. Ulitoa hela au hukutoa?"

"Nilitoa. Ilikuwa ni—"

"Mmesikia?" Mboje akawageukia wenzake. "Mimi mwenyewe nilisikia jela kwa masikio haya. Katoa hela, katoka. Kesi kainunua."

Faini na rushwa, kwa watu walioona tu kwamba hela zimeingia mahakamani na mtu akatoka, zilifanana kama watoto pacha. Selestini alieleza, Felisita akaeleza, katekista Deogratias naye akaeleza. Kadiri walivyoeleza ndivyo walivyoonekana wamepanga maneno. Baraza la sungusungu likakaa. Kama serikali imeshindwa kumwadhibu, wakasema, kijiji kitamwadhibu. Wakampiga mchenya, yaani faini ya kijiji: dume moja la ng'ombe, lichinjwe, liliwe na watu wote, na yeye mwenyewe asimame mbele ya nyama aseme nimekosa.

Selestini alisimama katikati ya baraza, kofia mkononi. "Wazee wangu," alisema, "mngeniita mkaniambia nimewakosea, ningepiga magoti sasa hivi. Lakini mmeniita kunihukumu. Nimeshahukumiwa, na adhabu nimeipokea. Nikiwapa hili dume nitakuwa nimekubali kwamba ile ya kwanza nilidanganya. Sitoi."

Wakamtenga. Asiombwe moto wala asipewe, asisaidiwe wala asisaidie, asisalimiwe.

Felisita alikuwa amesoma Uraia shuleni, akijua kwamba mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa lile lile. Alikwenda kwa mwanasheria mmoja pale Maswa kuuliza. Mwanasheria akamwambia kanuni hiyo ni ya mahakama, na baraza la kijiji si mahakama. Ila kwa sheria wazee hawana ruhusa ya kumtenga mtu. Felisita na kaka yake wakitaka, wafungue kesi, watashinda. Felisita akapanda basi na habari hiyo akiwa amechangamka. Selestini alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nikiwashtaki, watahukumiwa wao," alisema. "Mimi nataka salamu, dada yangu. Sitaki kesi."

Basi akaishi hivyo. Alichimba kisima chake nyuma ya nyumba. Mahindi akayapeleka kusagwa kijiji cha pili, gunia nyuma ya baiskeli. Na kila asubuhi alipokwenda shambani alisalimia kila nyumba kwa sauti ileile ya besi, "Mwangaluka!" na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, alijijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya kike, "Mwangalukaaa!" na kuendelea na safari. Nyuma ya nyua za minyaa watu waliziba midomo kwa khanga. Georgina aliona aibu, Felisita alicheka mpaka machozi. Jumapili kanisani, wakati wa kupeana amani, watu walimpa mkono kwa sababu Deogratias alikuwa anawatazama, na wakiondoka kanisani mikono ile ile ikasahau.

Ni Nyanda tu aliyekataa kusahau. Mguu wake ulipona umepinda, hakuweza tena kutembea nyuma ya plau, na ng'ombe wa Selestini walikuwa zizini mwake bila wa kuwashika. Msimu wa kwanza wa mvua Selestini akaingia kwenye shamba la Nyanda bila kuulizwa, akafunga wale ng'ombe, akalima. Nyanda akajikongoja mpaka kwenye mpaka wa shamba.

"We mlevi! Tuta lako limepinda!"

"Limefuata mguu wako."

Walianza hivyo, na kila mwaka shamba la Nyanda ndilo lililolimwa kwanza kabla Selestini hajagusa lake. Mboje alimtumia Nyanda mtu wa kumwonya kwamba anayezungumza na aliyetengwa naye hupigwa mchenya. Nyanda akajibu aende amwambie Mboje kwamba tangu ile ajali hata masikio yake yanachechemea. Wakamwacha. Walishindwa kumtoza faini aliyevunjwa mguu kwa kosa la kumsamehe aliyemvunja.

Katika shamba hilo ndipo Selestini alipokaa kwenye tuta asiinuke.

Felisita alifika mchana. Marehemu alikuwa amelazwa ndani, ameoshwa, amefunikwa shuka jeupe. Georgina na Deogratias walikuwa wamembeba wenyewe kutoka shambani, wakipumzika njiani. Mishumaa ilikuwa inawaka. Uwanjani hapakuwa na mtu. Kwa msiba wa mtu mwingine ua ungekuwa umejaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, sufuria kubwa zimeinjikwa. Palikuwa na kuku wawili na kigoda. Felisita aliingia, akapiga magoti, akamfunua kaka yake uso, akambusu kwenye paji la uso, akasali. Hakukaa muda mrefu. Alijua kwamba akikaa hatainuka.

Georgina alimsubiri mlangoni. "Wifi, nimefikiri. Lile dume jekundu liko zizini. Tuwape, yaishe. Mimi sitaki ushindi. Nataka mume wangu azikwe."

"Atazikwa."

"Na nani? Deogratias ana mgongo. Wewe una vidole vya kushonea. Padri amesema kuna nafasi makaburi ya parokia, Bariadi, na huko vijana wa kuchimba wapo."

"Atalala hapa, karibu na baba yake. Na dume halitoki." Felisita akamshika mikono. "Georgina, sikiliza. Miaka yote hii amekunywa maji ya kisima chake mwenyewe kwa ajili ya hilo dume. Leo hawezi kusema. Tukilitoa tumemsemea, na tumesema alinunua kesi. Ukitaka, nichukie. Lakini hilo sitalifanya."

Georgina akaichomoa mikono yake. "Una kichwa kigumu kama chake," alisema. "Haya nenda. Ila ukirudi bila watu, mimi nalifungua lile dume mwenyewe."

"Nikirudi bila watu, nitakusaidia kulifungua."

Alijifunga khanga mbili akaenda. Wazee wa sungusungu walikuwa wamekaa nyumbani kwa Mboje kwenye kivuli cha ghala, wanakula karanga. Walikuwa wanajua kwa nini anakuja, na kwa kuwa wanajua, wote walianza kuzitazama karanga.

"Mwadila," Felisita alisalimia, akainama kidogo kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mwadila, Ng'wana Mayige," Mboje akajibu. Alikuwa amezeeka, ila sauti yake ilikuwa bado ya kuamrisha. "Pole na msiba."

"Pole umeisema kwa mdomo, baba. Nimekuja kuifuata kwa filimbi."

"Kwani kwa Mayige wanaume wamekwisha, mpaka mwanamke aje barazani?" aliuliza mzee mmoja.

"Wamekwisha," Felisita alisema. "Alikuwepo mmoja, mkamtenga. Sasa amelala."

Mzee mmoja akatema ganda la karanga.

"Mwanangu," Mboje alisema kwa upole, "hakuna anayefurahia. Ila hukumu ni hukumu. Leteni dume, filimbi italia sasa hivi. Hata kaburi litachimbwa kabla ya jua kuzama. Wala hatutaki aseme nimekosa. Atasemaje?"

"Baba zangu, kaka yangu alikosa. Alilewa, akaendesha, akavunja mguu wa mtu, akaua ng'ombe wa mtu. Sikuja kuwaambia hakukosa. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Serikali ikamwadhibu. Tajiri wake akamfukuza. Padri akampa kitubio. Mungu mwenyewe, ambaye anajua kila kitu, mtu akiungama hamrudishi kuungama dhambi ileile kesho yake. Ninyi mnajua nini ambacho Mungu hakijui?"

"Huyu alisoma kwa masista," mmoja akanong'ona, wenzake wakacheka chini chini.

"Nilisoma kwa hela ya dereva," Felisita alisema.

Ndipo waliposikia fimbo ikigonga njiani, na kila mtu aliujua mlio ule. Nyanda alikuwa anatoka mnadani. Habari alikuwa ameipata njiani, akapita shambani kwanza akaikuta plau imesimama na ng'ombe hawapo. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakusalimia mtu.

"Nimeambiwa mnasubiri nyama," alisema.

"Nyanda, kaa chini," Mboje alisema. "Hili lilifanywa kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu!" Nyanda akapandisha suruali mpaka gotini, mguu uliopinda ukaonekana wote. "Tazameni. Tazameni vizuri, wengine mna macho mabovu. Huu mguu ulivunjika mara moja. Selestini aliuvunja akiwa amelewa, akalipa, na akanilimia mpaka leo asubuhi. Ninyi, wazima, hamjalewa, mnauvunja kila mwaka. Kila mwaka mnasema mguu wa Nyanda, mguu wa Nyanda. Kuna hata mmoja wenu amenilimia tuta moja kwa ajili ya huo mguu?"

Wazee walikuwa wanafahamu shamba lile ni kubwa kiasi gani.

"Mimi nakwenda kuchimba," Nyanda alisema. "Nitachimba nikiwa nimekaa. Itachukua siku nne, maiti itaanza kunuka, na watu wa vijiji vyote watapita barabarani waone kiwete anachimba kaburi na sungusungu wanakula karanga. Kisha mnipige mchenya. Nina kuku."

Mtu alitaka kucheka akajizuia. Mboje akawa anaisugua filimbi iliyokuwa shingoni mwake kwa kidole gumba. Felisita alimtazama, akaelewa kwamba mzee yule hatasema amekosea, si leo wala siku nyingine, na kwamba hakuwa amekuja kutafuta hilo. Akaomba moyoni, kwa maneno machache.

"Ng'wana Mayige," Mboje alisema hatimaye. "Kaka yako ile leseni alifungiwa kwa muda gani?"

Neno "alifungiwa" alilitamka vizuri, herufi zote. Wazee wengine wakainua vichwa.

"Miaka mitatu, baba."

"Na muda huo umekwisha?"

"Ulikwisha zamani."

"Basi kilichofungiwa kimefunguliwa. Na cha kwetu nacho kimefunguliwa." Akasimama, magoti yakimlia.

"Na dume?" aliuliza yule mzee aliyetema ganda la karanga.

"Una meno mangapi wewe, unaulizia dume?" Mboje alisema, akaweka filimbi mdomoni.

Felisita alikuwa na neno moja zaidi, akalisema kabla hajapuliza. "Baba, wabeja, asante. Ila msibani kwetu hatutachinja. Mtakula ugali, maharage na dagaa. Sitaki mtu aje aseme kesho kwamba ng'ombe ameliwa, kwa hiyo mchenya umelipwa."

Mboje alimtazama, filimbi mdomoni, na jicho moja likatabasamu bila mdomo kushiriki. Kisha akapuliza.

Walikuja. Walikuja na majembe na sururu, wanawake na ndoo vichwani, wengine wakilia kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, kama watu wanaolipa kilio cha nyuma. Mwanamke jirani, ambaye ua wake na wa Georgina ulishikana, aliingia akasimama mbele ya Georgina. Georgina akamkabidhi ufagio. Ikawa imetosha. Nyanda alichimba akiwa amekaa ukingoni, akiwatukana vijana kwamba wanachimba kama wanakuna mgongo, na hakuna aliyemjibu vibaya.

Walimzika kesho yake baada ya Misa. Padri alitoka Bariadi na gari la parokia, akaja nalo mpaka uwanjani. Kwaya iliimba, besi ikiwa nyembamba kidogo. Jeneza lilikuwa la mbao za kawaida, limetengenezwa na fundi wa palepale kijijini, na Felisita alilishonea kitambaa cheupe ndani usiku ule. Padri alisoma somo, akasema maneno machache kuhusu msamaha, bila kumtaja mtu. Watu walipita kutoa heshima za mwisho. Mboje alipita katika foleni kama wengine, akasimama kidogo, akaendelea. Nyanda alisaidiwa na watu wawili. Georgina aliinama, akamnyoosha mumewe kola.

Felisita alikuwa wa mwisho. Alifanya ishara ya msalaba kwenye paji la uso wa kaka yake, akasema, "Pumzika kwa amani, Selestini," akawaambia vijana wafunike.

Waliteremsha jeneza kwa kamba. Padri alinyunyiza maji ya baraka, akatupa udongo wa kwanza. Kisha Georgina, kisha Felisita, kisha wengine. Vijana wakajaza kwa zamu mpaka tuta likainuka, wakalipigapiga kwa migongo ya majembe. Deogratias akasimika msalaba upande wa kichwa, wenye jina na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Wakasali Baba Yetu na Salamu Maria, wakaimba ubeti mmoja, na padri akawapa baraka. Watu wakanawa mikono kwenye beseni lililowekwa kando ya njia.